Kupinga sheria ya uavyaji mimba Kenya: kesi ya aliyekamatwa, ombi la umma au mswada Bungeni?

Kenya ina sheria mbili zinazozungumzia jambo moja na hazisikilizani. Ya kwanza ni ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010: uavyaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, tuliyoachiwa na mkoloni. Kifungu cha 158 kinampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela, cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na cha 160 kinampa anayetoa dawa au vifaa hadi miaka 3. Vifungu hivyo vinaadhibu kitendo kilichofanywa "kinyume cha sheria" bila kueleza ni lini kinakuwa halali. Polisi husoma Kanuni ya Adhabu. Mhudumu wa zahanati huwa katikati.

Anayetaka mvutano huu umalizwe ana njia tatu za ndani ya nchi. Anaweza kuanzia kwenye kesi ya jinai ya mtu aliyekamatwa na kupeleka ombi la kikatiba kuipinga. Anaweza kuwasilisha ombi la maslahi ya umma bila kungoja mtu atiwe pingu. Au anaweza kuacha mahakama kando na kuwafuata wabunge kwa mswada. Vyombo vya Afrika, yaani mahakama na tume za haki za bara hili, ni njia ya nne, na nitaipitia kwa ufupi kwa sababu Kenya yenyewe imeifunga nusu. Nimewafikiria zaidi wahudumu wa afya, vikundi vya mashinani na mawakili wachanga. Hata hivyo, anayeona kwamba ibara ya 26(4) imelegeza mno atapita njia hizi hizi, na masharti yake hayaulizi msimamo wa mtu.

Nitazipima kwa mambo matano: unachoweza kupata, nani anaruhusiwa kuingia, muda na gharama, nani anabeba mzigo, na ushindi utadumu vipi. La kwanza ndilo zito kuliko yote. Watu wengi huja kwa wakili wakisema wanataka "kupinga sheria", na baada ya nusu saa inaonekana kinachowaumiza ni waraka wa wizara, au OCS (mkuu wa kituo cha polisi) mmoja, wala si sheria yenyewe. Maneno ya sheria na matendo ya wanaoitekeleza ni matatizo mawili, na kila moja lina njia yake.

Unachoweza kupata

Kesi ya aliyekamatwa lengo lake la kwanza ni kumwokoa mtu, na mengine huja nyuma. Mfano mkubwa umetoka Pwani. Mwaka 2019, katika Kaunti ya Kilifi, msichana aliyepata matatizo ya ujauzito alitibiwa kwenye kliniki. Polisi waliingia, wakachukua kumbukumbu za matibabu, wakamkamata yeye na mhudumu aliyemtibu, na wote wawili wakafunguliwa mashtaka. Walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi, na Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi akayafuta mashtaka hayo. Alisema huduma ya uavyaji mimba ni haki ya msingi chini ya Katiba, kwamba kuwakamata wagonjwa na wahudumu kiholela ni kinyume cha sheria, na kwamba mazungumzo ya mgonjwa na anayemtibu yanalindwa na haki ya faragha. Akaliagiza na Bunge litunge sheria inayolingana na Katiba.

Ombi la maslahi ya umma hulenga uamuzi wa serikali. Mwaka 2012 wizara ya afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na maradhi yanayotokana na uavyaji usio salama. Desemba 2013 mwongozo huo ukaondolewa, na Februari 2014 Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu akatuma waraka wa kuwakataza wahudumu kuhudhuria mafunzo ya uavyaji salama na kutumia Medabon, dawa ya kutoa mimba. Shirika la mawakili wanawake, FIDA-Kenya, pamoja na wenzake, walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kwa Ombi nambari 266 la 2015. Juni 2019 majaji watano, Aggrey Muchelule, Mumbi Ngugi, George Odunga, Lydia Achode na John Mativo, waliamua kwamba hatua hizo za wizara zilikiuka haki za wanawake na za wahudumu. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kuingia chini ya ibara ya 26(4) endapo mhudumu aliyehitimu anaona uhai au afya ya mama, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Serikali ikaamriwa kumlipa fidia ya shilingi milioni 3 mama wa msichana aliyeumia baada ya kubakwa na kutolewa mimba kwa njia isiyo salama.

Sasa tazama ambacho hakikupatikana. Hakuna kati ya kesi hizi mbili iliyoviondoa vifungu vya 158 hadi 160 kwenye vitabu. Majaji wa 2019 walikumbusha wazi kwamba uavyaji mimba Kenya bado umekatazwa nje ya sababu zilizotajwa na Katiba. Jaji wa Malindi alisema kuuharamisha bila sheria ya kuitekeleza Katiba kunaminya haki za uzazi, lakini kazi ya kuandika upya akaiachia Bunge. Yeyote anayekwambia kwamba korti ilishahalalisha kila kitu, au kwamba haikubadilisha chochote, hajazisoma hukumu hizo.

Mswada ndio wenye uwezo mkubwa kuliko yote, kwenye karatasi. Yale maneno ya mwisho ya ibara ya 26(4), kuhusu sheria nyingine iliyoandikwa, yanaliachia Bunge nafasi ya kuongeza sababu zaidi kwa sheria ya kawaida. Hakuhitajiki kura ya maoni. Bunge pia linaweza kuandika upya vifungu vya Kanuni ya Adhabu ili askari ajue pa kukomea. Tayari lipo jambo dogo lililofanyika hivyo: Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, ilieleza mhudumu aliyehitimu ni nani, ikawataja maafisa wa kliniki, wauguzi na wakunga pamoja na madaktari. Kwa zahanati ya Garsen au Lodwar isiyo na daktari, sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingi za hukumu.

Nani anaruhusiwa kuingia

Kwenye kesi ya aliyekamatwa, anayeingia ni yule aliyekamatwa. Faida yake ni kwamba hakuna wakili wa serikali atakayesimama kusema shauri hili ni la kubuni. Shtaka lipo, tarehe zipo, majeraha yapo.

Ombi la umma ni pana zaidi. Ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza, kwa niaba ya kundi, kwa maslahi ya umma, au kama chama kwa niaba ya wanachama wake. Huo ni upana ambao jirani zetu Watanzania waliwahi kuupoteza: marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka mwombaji wa huko aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Hata hivyo, upana wa Kenya una kipimo chake. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mahakama zetu zinataka ombi litaje kwa usahihi ibara gani imekiukwa, na imekiukwa vipi. Hotuba ndefu kuhusu mateso ya wanawake, isiyo na ibara wala hati za kiapo, hutupwa.

Mswada huhitaji mbunge au seneta wa kuubeba, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwananchi wa kawaida hata hivyo ana ibara ya 119, inayompa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga au kufuta sheria. Haitumiki inavyostahili.

Muda na gharama

Ibara ya 22(3) inasema hakuna ada ya kufungua shauri la haki za msingi, na kwamba mahakama inaweza, ikilazimu, kupokea hata maombi yasiyo rasmi. Usidanganyike ukadhani kesi ni ya bure. Kuna mtaalamu wa uzazi wa kuandika kiapo, nauli za mashahidi, miaka ya wakili. Katika mashauri ya maslahi ya umma majaji mara nyingi huamuru kila upande ubebe gharama zake, lakini hiyo ni hiari yao.

Kwa muda, kesi ya Malindi ilitoka kwenye kukamatwa mwaka 2019 hadi hukumu mwaka 2022. Ile ya Nairobi ilichukua 2015 hadi 2019. Ukidhani hiyo ni mingi, uliza Uganda: shirika la CEHURD lilifungua shauri la vifo vya wajawazito mwaka 2011, Mahakama ya Katiba ikalitupa 2012 ikisema hayo ni mambo ya siasa, Mahakama ya Juu ikalirudisha 2015, na ushindi ukapatikana Agosti 2020.

Mswada hauna ratiba kabisa. Seneta Judith Sijeny alipeleka mswada wa afya ya uzazi mwaka 2014, haukupita. Seneta Susan Kihika akapeleka mwingine mwaka 2019, makanisa yakaupinga vikali, nao haukupita. Miswada isiyokamilika hufa Bunge linapomaliza muhula wake, na anayekuja huanza upya. Sheria ya afya inagusa kaunti, kwa hiyo lazima ipite mabunge yote mawili, na ibara ya 118 inadai ushirikishwaji wa umma. Tenga pesa za mikutano, kwa sababu ukiiruka, wanaopinga watapata sababu nzuri ya kuipeleka sheria yako mahakamani.

Nani anabeba mzigo

Hapa ndipo ninapopata shida na wanaharakati wenzetu, wanaozungumzia "kesi nzuri" kana kwamba kesi haina mwenyewe.

Kwenye kesi ya aliyekamatwa, mwenyewe ni mtu aliyekwisha kuumia. Mahakama hutumia herufi badala ya jina na inaweza kusikiliza faraghani, lakini kijijini herufi hazifichi kitu. Polisi walipokuja majirani waliona. Mhudumu naye anaweka leseni yake rehani. Na iwapo mshtakiwa anapewa nafasi ya kumaliza shauri lake kimya kimya, wakili wake ana wajibu kwake kwanza, hata kama shirika linatamani hukumu ya kuweka historia. Kama wewe ndiwe shirika, jadilini hilo mapema, kwa maandishi, na mpeni wakili wake mwenyewe.

Ombi la umma hugawa mzigo kati ya mashirika, lakini haliuondoi. Katika kesi ya 2015 msichana ambaye maisha yake yalikuwa kiini cha shauri alifariki 2018, mwaka mmoja kabla ya hukumu. Fidia ilimfikia mama yake. Anayeahidi kwamba korti itamsaidia mgonjwa wa leo anaahidi asichoweza.

Mswada humwangukia mwanasiasa. Atasemwa kwenye mimbari za kanisa na misikitini, na wapinzani wake watamkumbusha wapigakura. Kwa mgonjwa mmoja mmoja hii ndiyo njia isiyomgusa kabisa, na kwa mtu mwenye hofu hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Ushindi utadumu?

Hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kukatiwa rufaa hadi Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Kabla ya kuinukuu hukumu ya Nairobi au ya Malindi popote, mwambie wakili akuangalizie imefika wapi kwenye ngazi hizo. Hili si jambo la kuchukulia juu juu, kwani mhudumu anaweza kufungwa kwa kutegemea hukumu ambayo nguvu yake imebadilika.

Amri ya kuliambia Bunge litunge sheria ni dhaifu zaidi. Tunaijua hadithi ya kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti: mahakama ziliamuru tena na tena, Bunge likakaa kimya, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Tanzania nayo ilipitia mkondo kama huo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu Julai 2016, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Oktoba 2019, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha umri wa kuolewa, na mwaka huo ukaisha bila marekebisho.

Sheria iliyopitishwa na Bunge ndiyo imara zaidi mbele ya askari wa kawaida, kwa kuwa ndiyo anayofundishwa chuoni. Rwanda ilionyesha hivyo. Sheria yake ya 2012 ilimtaka mwanamke aliyebakwa apate kwanza kibali cha mahakama. Ile ya 2018 iliondoa kibali hicho na kumwachia daktari. Ila Bunge likiweza kupanua, Bunge lijalo linaweza kubana. Kilicho salama kuliko vyote ni ibara ya 26(4) yenyewe: imo ndani ya Sheria ya Haki, na kwa ibara ya 255 haiguswi bila kura ya maoni. Anayetaka kuiondoa ana mlima mrefu kuliko anayetaka kuitekeleza.

Na vyombo vya Afrika?

Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, katika ibara ya 14(2)(c) inaruhusu uavyaji wa kitabibu kwa ubakaji, kujamiiana kwa maharimu (ndugu wa karibu), na pale mimba inapohatarisha uhai au afya ya mama. Kenya iliiridhia Oktoba 2010 lakini ikajiondoa kwenye kipengele hicho hicho. Uganda ilifanya vivyo hivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, karibu kabisa, ila Kenya haijawahi kutoa tamko la kuwaruhusu raia wake kuishtaki huko, na Tanzania ililiondoa la kwake mwaka 2019. Tume ya Afrika mjini Banjul inataka kwanza umalize ngazi zote za nyumbani. Mahakama ya Afrika Mashariki haidai hilo, lakini inakupa miezi miwili tu tangu tendo litokee, na mamlaka yake juu ya haki za binadamu ni finyu. Kwa Mkenya, basi, hii ni njia ya mwisho. Kwa Mkongomani hali ni tofauti: nchi yake ilichapisha Itifaki hiyo kwenye Gazeti Rasmi mwaka 2018, na tangu hapo inaweza kutajwa moja kwa moja mbele ya hakimu wa ndani.

Uchague kwa hali yako

Ikiwa wewe ni mhudumu au mgonjwa na shtaka limeshasomwa, usikiri kosa kabla ya kuzungumza na wakili, hifadhi nakala ya maelezo ya matibabu, na uombe Mahakama Kuu isimamishe kesi ya jinai wakati ombi la kikatiba linasikilizwa. Huna sababu ya kungoja shirika lolote.

Ikiwa kinachokukwamisha ni waraka, mwongozo uliofutwa, au hospitali ya kaunti inayokataa kutoa huduma iliyoruhusiwa na Katiba, ombi la maslahi ya umma ndilo linalokufaa. Lielekeze kwenye tendo hilo moja, na usiingize ndani yake kila jambo linalokukera kuhusu serikali.

Ikiwa unataka vifungu vya 158 hadi 160 vifutwe au viandikwe upya, jiandae kwa mahakama na Bunge kwa pamoja. Ombi pekee laweza kukupa tamko zuri na askari yule yule.

Kikundi kidogo chenye pesa kidogo hakilazimiki kufungua chochote. Kinaweza kuomba kuingia kwenye shauri la wengine kama mdau au rafiki wa mahakama, kikaleta kile ambacho mashirika ya Nairobi hayana: rejista za zahanati, umbali wa hospitali, mashahidi wanaoifahamu hali. Wanaopinga uavyaji wanaweza kuingia kwa mlango uo huo, nao wana haki ya kusikilizwa.

Ukiwa nje ya Kenya, usiinakili njia ya Wakenya nzima nzima. Mganda atakutana na ibara ya 22(2) inayosema hakuna haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa ila kama sheria itakavyoruhusu, kwa hiyo mjadala wake unarudi Bungeni. Mtanzania ahakikishe ana wakili wa kusimama mbele ya majaji watatu, kwa kuwa ndivyo mashauri ya aina hii husikilizwa huko.